Kiganja cha Mtoto Katika Udongo: Habari za Kazi ya Mikono ya Chekechea Yetu

Katika matoleo ya kumbukumbu ya namna hii, desturi ni kuanza na majina ya waliotoa kiwanja, waliotoa saruji na waliotoa mabati. Majina hayo yamechongwa kwenye marumaru pale mlangoni, na kila ajaye kuvua viatu huyasoma. Hayahitaji msaada wa kalamu yetu. Sisi tumechagua kuandika habari ya kitu kisicho na jiwe lake la marumaru: kile kigae cha udongo chenye alama ya kiganja, ambacho kila mtoto amalizapo chekechea katika baraza la hekalu letu hupewa aende nacho nyumbani.

Wasomaji wetu wengi, wanachama na majirani vilevile, wanacho kimoja au viwili. Kwa wengine kimewekwa juu ya kabati la vyombo, kwa wengine kimetundikwa kwa msumari kando ya kalenda, na tumewahi kukiona kimoja kikizuia mlango usifungwe na upepo wa mlimani. Upana wake ni shubiri moja, unene wake ni kidole. Juu kina tundu la uzi. Katikati kuna mkono wa mtoto wa miaka mitano au sita, na chini yake herufi ya kwanza ya jina lake, imechorwa kwa kijiti, mara nyingine kinyumenyume.

Tumeona tuandike sasa kwa sababu mwaka huu baadhi ya wazazi wameiomba kamati desturi hii iachwe, na nafasi yake ichukuliwe na mahafali yenye majoho na picha. Ombi limeletwa kwa adabu, nasi twapenda kulijibu kwa adabu. Lakini haifai kukata shauri juu ya kitu ambacho asili yake haijaelezwa.

Asili hiyo ni ya mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mtu wa kwanza wa kutajwa si Mhindi wala si Mwafrika, bali ni Mjerumani, Friedrich Fröbel, aliyezaliwa mwaka 1782. Mwaka 1837 alifungua katika mji wa Blankenburg mahali pa watoto wadogo kucheza na kufanya kazi, na mwaka 1840 akapaita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Kabla yake walikuwapo watu waliowakusanya watoto wa maskini ili mama zao waende kazini. Hao walikuwa wakiwalinda tu. Fröbel alisema mtoto hujifunza kwa mikono kabla ya kujifunza kwa masikio, na kwa ajili hiyo akapanga kazi ndogondogo kwa utaratibu: kutoboa karatasi kwa sindano hadi picha ionekane kwa vitundu, kushona kadi kwa uzi wa rangi, kukunja karatasi, kukata, kusuka vipande vya karatasi, kuunganisha vijiti kwa njegere zilizolowekwa majini, na kufinyanga udongo. Alichokifanya mtoto hakikutupwa. Alikipeleka kwa mama yake. Walimu waliofundishwa mbinu hiyo walibandika kazi hizo katika madaftari makubwa, na baadhi ya madaftari hayo yanatunzwa hata leo katika majumba ya makumbusho huko Ulaya na Marekani, karatasi zikiwa zimepauka lakini misuko yake ikiwa mizima.

Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, ikizishuku kwamba zinapanda ukafiri na usoshalisti. Mzee alifariki mwaka uliofuata, kabla marufuku haijaondolewa mwaka 1860. Sisi tulioishi Tanzania ya miaka ya sabini hatuwezi kusoma habari hiyo bila kutabasamu kidogo: karatasi za kusuka za watoto wa miaka mitano zilidhaniwa kuwa siasa ya ujamaa.

Hapo kwenye kusuka tusimame kidogo, kwa maana ndipo mbinu ya Mjerumani inapokutana na bonde letu bila kufahamiana. Mtoto wa Fröbel alipewa karatasi iliyokatwa mistari, akapitisha kipande cha rangi nyingine juu ya mstari mmoja na chini ya unaofuata, mpaka mkeka mdogo ukakamilika. Mtoto wa Mang'ula ameuona mkeka tangu siku ya kwanza aliyolazwa juu yake. Amemwona bibi yake akiwa na ukindu uliolowekwa, akisuka ukili mrefu kwa mshazari, akiuviringisha kama tairi, kisha kuuunga ukili kwa ukili kwa kushona. Kazi ya bibi ni ngumu maradufu kuliko ile ya karatasi. Walimu wa kike waliowahi kufundisha katika baraza letu walikuwa wakisema kwamba watoto wa nyumba za jirani walimaliza mkeka wa karatasi huku watoto wetu wa madukani wakiwa bado wanatafuta mstari wa kuanzia.

Kutoka Ujerumani mambo haya hayakutufikia moja kwa moja. Yalipita Bhavnagar, katika rasi ya Kathiawar, na hapa tuna jina ambalo kila familia ya Kigujarati yapaswa kulijua: Gijubhai Badheka. Alizaliwa mwaka 1885. Jambo ambalo hata Wagujarati wengi wamelisahau ni kwamba mwaka 1907, akiwa kijana, alikuja Afrika Mashariki kutafuta maisha kama walivyokuja babu zetu, akakaa kama miaka miwili, kisha akarudi, akasomea sheria Bombay na kuwa wakili. Mwaka ule ule 1907, huko Roma, Maria Montessori alikuwa akifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto. Wawili hao hawakujuana. Lakini baada ya Badheka kupata mtoto wa kiume alianza kujiuliza atamlea vipi, akavisoma vitabu vya Montessori, na mwaka 1916 akauacha uwakili na kujiunga na taasisi ya Dakshinamurti mjini Bhavnagar. Mwaka 1920 palifunguliwa hapo Balmandir, hekalu la watoto.

Twapenda wasomaji wetu wasio Wahindu wautambue uzito wa jina hilo. Mandir ni hekalu. Bal ni mtoto. Halikuwa hekalu ambamo watoto hufundishwa kusali. Mtoto mwenyewe ndiye aliyestahili heshima ndani yake. Badheka alikataza fimbo, akakataza vitisho, akakataza pia zawadi na mashindano, akisema mtoto anayefanya kazi kwa ajili ya zawadi huacha kazi zawadi ikiisha. Aliandika vitabu vingi kwa Kigujarati, na kile kijulikanacho zaidi, Divasvapna, yaani ndoto ya mchana, chasimulia mwalimu anayejaribu mambo mapya katika shule ya kawaida. Kwa kuwa alikuwa na masharubu na moyo wa kike wa kulea, watu walimwita Muchhali Ma, mama mwenye masharubu. Alifariki mwaka 1939, mwaka ambao Montessori mwenyewe aliwasili India na kukaa hadi baada ya vita kuu.

Wakati huo huo Gandhi naye, ambaye alizaliwa Porbandar, alikuwa na hoja yake. Katika mkutano wa Wardha mwaka 1937 alitaka elimu yote ya msingi ijengwe juu ya kazi ya mikono. Miaka 30 baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na shule zikapata mashamba na karakana. Hatusemi mmoja alimwiga mwingine. Twasema tu kwamba mama zetu, waliposikia redioni habari ya kazi kuwa sehemu ya masomo, hawakuona jambo geni.

Mama na mabibi zetu ndio walioileta balmandir Afrika Mashariki. Waume walileta mizani, vitabu vya hesabu na vitambaa vya kuuza. Wake zao walikuja na nyimbo za watoto, na ustadi wa vidole. Wakati wa ukoloni shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, hadi mgawanyo huo ulipofutwa kuanzia Januari 1962. Lakini darasa la watoto wadogo kabisa, lile ambalo wazee waliliita shule ya vidudu, serikali ya kikoloni haikulijali sana. Likawa ni jambo la akina mama, jamvi, na asubuhi ndefu.

Mang'ula yenyewe haikuwa mji. Ilikuwa mahali chini ya milima ya Udzungwa ambapo barabara ya kwenda Ifakara ilipita, na masika ilikuwa haipiti. Kilichoibadilisha ni reli. Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa Oktoba 1970, na Mang'ula ikawa moja ya kambi kubwa za Wachina, yenye karakana ambazo baadaye zikawa kiwanda cha zana za mashine. Reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa mwaka 1976. Watu walikuja kutoka kila upande: Wahehe kutoka mlimani, Wapogoro na Wandamba kutoka bondeni, Wabena, Wasukuma na ng'ombe wao baadaye, na sisi wenye maduka.

Ajabu ya historia ni kwamba wakati bonde linajaa watu, jamii yetu ilikuwa inapungua. Sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwagusa zaidi watu wa mijini, lakini ndugu zetu wa Dar es Salaam na Morogoro walipoanza kufunga masanduku, huku nako mioyo ikatikisika. Familia moja ikaenda Leicester, nyingine Kanada, nyingine ikarudi Gujarat ambako watoto waliozaliwa bondeni hawakupajua. Masanduku yalikuwa na kipimo. Tumewasikia wengi wakisimulia jinsi akina mama walivyopanga vitu sakafuni wakichagua, na jinsi baba walivyouliza kwa nini nafasi ya sari ichukuliwe na mkeka wa karatasi uliosukwa na mtoto wa miaka mitano.

Darasa lilipobakiwa na watoto wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kulikuwa na njia mbili: kulifunga, au kuwaita watoto wa majirani. Walimu waliwaita. Tuseme kweli kwamba si wazee wote wa wakati huo waliofurahia. Wapo waliosema baraza la hekalu si mahali pa kila mtu. Akina mama hawakubishana nao mkutanoni, kwani mkutanoni hawakuwa wakiitwa. Walitandika majamvi mengine mawili tu, na Jumatatu watoto wakaja. Leo katika darasa lile mtoto wa Kigujarati ni mmoja au hayupo kabisa, na darasa limejaa.

Mwanzoni kigae hakikuwapo. Kumbukumbu walizopeleka watoto nyumbani zilifuata sikukuu zetu: uzi wa rakhi wa kumfunga kaka mkononi mwezi wa Shravan, torani ya karatasi za rangi ya kutundika mlangoni badala ya majani ya mwembe, na diya, kijitaa cha udongo cha Diwali. Vitu hivyo ni vizuri, lakini majirani hawakujua wavifanyie nini baada ya sikukuu ambayo si yao. Kwa upande wa rakhi, tumesikia mtoto mmoja wa Kipogoro alimfunga mbuzi wao, kwa sababu hakuwa na kaka.

Kigae kilitokana na chungu. Wakati wa Navaratri sisi hucheza tukizunguka garbo, chungu chenye matundu kinachowekwa taa ndani. Ngoma yenyewe, garba, imeingizwa mwaka 2023 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia usioshikika. Huko Gujarat chungu hicho chanunuliwa sokoni. Huku hakikuwapo, kwa hiyo mmoja wa mama zetu alikwenda kwa bibi mmoja mfinyanzi wa jirani, akamweleza anachotaka. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Chungu gani hiki, mwanangu, kisichoweza hata kutunza maji?" Mama akajibu, "Bibi, hiki kinatunza mwanga." Bibi alicheka, lakini alikitengeneza, na mwaka uliofuata akatengeneza bila kuombwa.

Yeye ndiye aliyewafundisha walimu wetu udongo wa hapa. Diya zao za awali zilikuwa zikipasuka kwa sababu waliuchukua udongo na kuutumia kama ulivyo. Bibi aliwaonyesha kuchukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, kuvitwanga kwenye kinu, kuvichekecha, na kuchanganya unga wake na udongo mbichi. Unga huo umekwisha kupita motoni, hausinyai tena, na kwa hiyo huushikilia udongo mpya usipasuke. Kazi ya kuchekecha walipewa watoto, nao hadi leo huipenda kuliko zote. Neno chekeche na neno chekechea yakikutana mdomoni mwa mtoto, kicheko hakikosekani.

Na alama ya mkono? Hiyo ilitoka kwetu. Katika nyumba za Gujarat bibi harusi huacha alama ya viganja vyake ukutani kwa rangi ya kumkum anapoondoka kwa wazazi au anapoingia kwa mumewe, ishara ya kwamba alikuwapo hapo. Walimu walifikiri kwamba mtoto anayetoka chekechea kwenda darasa la kwanza naye anaondoka nyumba moja kwenda nyingine. Basi udongo ukatoka kwa bibi wa bondeni, mkono ukatoka Kathiawar, na wazo la kwamba kazi ya mtoto ipelekwe kwa mama yake likatoka kwa mzee wa Blankenburg. Katika kigae hamna picha ya mungu yeyote wala neno la dini yoyote. Walimu waliamua hivyo makusudi, na ndiyo sababu kigae hicho kinaning'inia katika nyumba za Waislamu, za Wakristo na zetu bila mtu kusumbuka moyoni.

Utaratibu wa kukitengeneza haujabadilika sana. Udongo huchukuliwa kiangazi, pembeni ya mashamba. Zamani mbegu za kupambia na ukindu vilitoka pia msituni, lakini Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilipoanzishwa mwaka 1992 mipaka ikawekwa, na tangu 2011 hata kuokota kuni ndani yake kumekatazwa, jambo ambalo lilikuwa likiruhusiwa kwa siku maalumu. Majirani wanajua ugumu wake kuliko sisi. Kwa kigae haikuwa hasara kubwa, kwa kuwa hakihitaji kuni. Huchomwa kwa pumba za mpunga, kama matofali mengi ya bonde hili. Pumba hazina miali mikubwa. Huungua polepole usiku kucha, kwa ndani, na asubuhi hubaki kilima cha majivu meupe na meusi.

Mtoto hukanda udongo wake mwenyewe. Mwalimu humsaidia kuusawazisha, kisha mtoto huweka mkono autakao, wa kulia au wa kushoto, na mwalimu huweka mkono wake juu ya ule mdogo na kubonyeza mara moja. Mara moja tu. Ukirudia, vidole huwa kumi. Baadaye vigae hukaa kivulini wiki mbili hivi, vikigeuzwageuzwa, kwa maana jua kali hukausha uso kabla ya moyo na kigae hukunjika kama jani. Diya za mwaka huo huingia katika moto uleule, kabla ya mvua za vuli kuanza.

Kila mtoto hutengeneza viwili. Kimoja kikipasuka, kipo cha pili. Visipopasuka, kimoja huenda nyumbani na kingine hubaki katika stoo ya hekalu. Sababu ya mwanzo ilikuwa hiyo tu, tahadhari ya mfinyanzi.

Sifa moja ya udongo wazazi huigundua baadaye. Ukikauka na kuchomwa husinyaa, aghalabu kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mkono ulio katika kigae ni mdogo kuliko mkono ulioubonyeza. Siku ya kukabidhiwa, watoto wote hujaribu kurudisha viganja vyao katika alama zao, na hakuna hata mmoja ambaye mkono wake unaingia. Wao hudhani wamekua ndani ya wiki tatu, na mwalimu hawasahihishi. Mama zao nao hukitazama baada ya miaka kumi na kusema, kumbe alikuwa mdogo hivi? Hakuwa mdogo hivi. Udongo umeongeza kidogo, kama kumbukumbu zote.

Tumeombwa na mwenzetu mmoja wa kamati tusiandike haya yafuatayo, kwa kuwa toleo hili ni la furaha. Tumeyaandika hata hivyo. Kilombero ni bonde la maji, na maji ni mbu. Ndiyo sababu Waswisi walianzisha maabara yao Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni taasisi kubwa ya utafiti wa afya, na ndiyo sababu mradi wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990. Kabla vyandarua havijazoeleka, malaria ilichukua watoto katika nyumba nyingi, nasi wenye maduka tulikuwa tukijua kwa kuulizwa sanda. Miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo watoto waliopita katika baraza letu. Siku moja mama mmoja jirani alikuja hekaluni, akasimama nje ya mlango, hakutaka kuingia. Kigae cha binti yake kilikuwa kimevunjika mafuriko yalipoangusha ukuta wa nyumba. Picha hakuwa nayo. Miaka ile kupiga picha kulikuwa ni kwenda Ifakara mjini. Alikuwa amesikia kwamba huwa vinatengenezwa viwili.

Mwalimu aliingia stoo na kukaa humo muda mrefu, kwani wakati huo vilikuwa vimerundikwa bila mpango. Alitoka nacho. Mama yule alikifunga katika khanga, akashukuru, akaenda. Tangu siku hiyo vigae vya pili vimepangwa kwa mwaka, juu ya rafu, na ufunguo wa stoo uko kwa mwalimu, si kwa mweka hazina.

Sasa turudi kwenye ombi la wazazi. Hoja zao tunazielewa. Shule nyingine zinafanya mahafali ya chekechea, watoto wakivaa majoho na kofia za chuo kikuu, na mtoto asiye na picha hiyo anajiona amepungukiwa. Wengine wanasema muda wa udongo ungetumiwa kwa Kiingereza na hesabu. Kwa hawa wa pili tutajibu kwa ufupi: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 imefanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na mtaala wa serikali wa elimu ya awali wenyewe umetaja stadi za kisanii kuwa miongoni mwa umahiri mkuu wa mtoto, bega kwa bega na hesabu. Na kidole kilichokanda udongo hushika penseli vizuri zaidi. Walimu wote wa madarasa ya chini wanajua.

Kwa wale wa majoho, sisi ni wafanyabiashara, hatuwezi kudharau kitu kinachokodishwa. Baadhi yetu tunauza hata zile kombe za plastiki zilizoandikwa "Hongera" zinazotoka Kariakoo. Kama wazazi wanataka joho kwa siku moja, wakodi joho. Picha zipigwe, watoto wafurahi. Hilo halihitaji kigae kiondoke. Tunachokipinga ni mabadilishano. Joho hurudishwa jioni kwa mwenyewe. Halijui ni nani alilivaa, na kesho litavaliwa na mwingine. Picha iliyo ndani ya simu huondoka na simu. Tena mahafali huleta mtoto wa kwanza na mtoto wa mwisho, na zawadi kwa aliyeongoza, mambo yaleyale ambayo Badheka aliyaondoa mwaka 1920. Hakuna kiganja kilichoshika nafasi ya kwanza.

Wapo pia waliouliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hekalu ligharimie desturi ambayo watoto wake sasa si wa hekalu. Swali hilo tumelisikia pande zote mbili za ukuta. Gharama yenyewe ni ndogo: udongo ni bure, pumba zatolewa na wenye mashine za kukoboa, na mwalimu hulipwa kwa vyovyote. Linaloulizwa hasa ni kwamba desturi hii ni ya nani. Waliobuni garbo ya Mang'ula walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa bibi wa Kindamba ambaye hakuwahi kuvua viatu kwenye mlango wetu. Rafu ya stoo haina mgawanyo. Vigae vya watoto walioko Leicester na vya watoto walioko Mkula na Sanje vimepangwa kwa mwaka, vikiegemeana.

Kamati itakutana baada ya sherehe kulijadili ombi. Kwa siku zote za maadhimisho stoo itakuwa wazi asubuhi, na mwenye kutaka kukitafuta kigae chake, au cha mwanawe, anakaribishwa. Amwone mwalimu kwanza, kwa kuwa rafu za chini ni za zamani na udongo wake ni mwepesi kumeguka. Vya mwaka huu viko barazani kivulini, upande wa jikoni, vimefunikwa magunia. Tunawaomba watoto wasivishike. Magunia matatu ya pumba yameshapatikana, na mwalimu anasema yanahitajika mengine mawili kabla ya kuwasha.